Jelewza ya Smithfield

Waliomjua Chibalonza pale Smithfield wanasema kwamba mwanamke yule ukimwambia "haiwezekani" ni kama umemvutia kiti. Atakaa, atakusikiliza mpaka mwisho, kisha atakuuliza nani aliyesema.

Alizaliwa Walungu, kwenye milima ya Bushi, Kivu ya Kusini, ambako baba yake alikuwa na migomba na hori la mti la kukamulia kasiksi, pombe ya ndizi. Vita vikamchukua mume, vikamchukua na shamba, vikamsukuma yeye na binti yake Bénie mpaka kambini Nakivale, Uganda. Huko alikaa miaka mingi hata watu wakaacha kumuuliza ataondoka lini. Alipoletwa Sydney, Australia, umri ulikuwa umeshapita wa kuanza upya, lakini akaanza. Alisomea kazi ya kutunza wazee, akaajiriwa katika nyumba ya wazee huko Auburn, akamsomesha Bénie, akamwoza kwa kijana wa Uvira aliyekaa Campbelltown. Yeye mwenyewe akapanga kijumba cha uani kwa mama mmoja mzee wa Kimalta, nyuma ya maghala ya Smithfield.

Mama huyo aliitwa Chensa. Alikuwa mfupi, mweusi wa nguo kwa sababu ya ujane, na masikio yake yalikuwa yamechoka, kwa hiyo kila alichosema alikisema kwa sauti ya kuita ng'ombe. Kiingereza chake kilikuwa kimevunjika upande mmoja, cha Chibalonza kimevunjika upande mwingine, na walipoanza kugombana, siku ya tatu tu baada ya kuhamia, walielewana vizuri sana.

Ugomvi ulitokana na kitenge. Chibalonza alikuwa amekifua, akaona kichanja cha nguzo za saruji katikati ya uwanja, na mti uliosokotana juu yake, mkavu kama umekufa. Akakianika hapo. Mama Chensa akatoka na ufagio.

"Hiyo si kamba ya nguo!"

"Mti umekufa, mama."

"Umekufa wewe! Umelala huo. Ondoa nguo yako!"

Walinuniana hadi majira yakageuka. Mti ukaamka, ukajaa majani, na kiangazi kilipokolea vikaning'inia vichala vya zabibu nyekundu iliyoiva hadi kukaribia weusi. Siku moja Chibalonza alirudi kutoka kazini akamkuta bibi yule wa miaka themanini na ushee juu ya ngazi, anatandaza wavu ili ndege wasile matunda, na ngazi inacheza. Aliweka mkoba chini, akaishika ngazi kwa mikono miwili mpaka kazi ikaisha.

Mama Chensa aliposhuka aliingia ndani, akatoka na bakuli la matunda yaliyokauka ya mwaka uliopita. Akamtilia machache kiganjani.

"Zbib," akasema.

Chibalonza akamtazama. "Umesemaje?"

"Zbib! Zbib!"

"Zabibu?"

Wakakodoleana macho. Kisha Mama Chensa akanyoosha vidole, akaanza kuhesabu kwa lugha ya kisiwa chake, na alipofika "sitta, sebgha," Chibalonza akaruka: "Sita, saba!" Akaonyesha pande zote, mbingu na maghala na barabara: "Dunia." Bibi akapiga makofi. "Dinja! Dinja!" Waarabu wa zamani walikuwa wamepita kwao wote wawili, kila mmoja upande wake wa dunia, wakawaachia maneno, nao wakaja kuyakutanisha hapo uani wakitafuna zabibu kavu. Tangu siku hiyo Chibalonza hakuwa mpangaji tena. Mama Chensa alimwita "Mkongo wangu," na ole wake aliyemcheka.

Ndipo alipoelezwa habari za mti. Ulikuwa mzabibu wa mvinyo mwekundu, wa asili ya Malta yenyewe, mbegu isiyoletwa na mtu. Wenyewe waliuita Ġellewża, jina lililotokana na kokwa fulani ya kwao, na kwa ulimi wa Chibalonza ikawa Jelewza. Mume wa Chensa, marehemu Janni, alikata kijiti shambani kwa baba yake siku ya kupanda meli, akakizungushia kitambaa chenye maji na kukificha ndani ya mkono wa koti. Wenzake waliokuwa wakitengeneza mvinyo hapa Sydney walimcheka. Walisema Jelewza ina rangi hafifu, mvinyo wake mwepesi, ni zabibu ya maskini, apande za Wafaransa kama watu wengine. Janni akapanda hiyo hiyo, na kila mwaka akawatilia bilauri ya kwanza wale wale waliomcheka.

"Kwetu haitaki maji mengi," Mama Chensa alisema. "Mawe na jua. Ukiibembeleza inaharibika."

"Basi imetufanana," Chibalonza akajibu.

Halafu ukaja ule msimu wa baridi wa mwaka 2021. Ugonjwa wa korona uliingia mjini, na mitaa ya magharibi ndiyo iliyobanwa zaidi. Watu wa ufukweni walionekana kwenye televisheni wakitembeza mbwa. Huku Smithfield helikopta ilizunguka juu ya mapaa, na polisi wakaongezewa wanajeshi wa kugonga milango. Chibalonza aliruhusiwa kwenda kazini kwa kuwa wazee hawatunziki kwa simu. Alichomwa pua kwa vipimo mpaka akazoea, akapanda treni tupu, akarudi, akaoga kabla ya kumsabahi mtu.

Katikati ya hayo Mama Chensa akateleza jikoni, akavunjika nyonga. Gari la wagonjwa likamchukua. Kumtembelea kulikatazwa.

Mwanawe, Salvu, alipiga simu siku hiyo hiyo. Aliishi mbali, kusini ya mji, naye hakuruhusiwa kuvuka. Hakuwa mtu mbaya. Alikuwa mtu mwenye haraka, na sauti yake ilikuwa ya mtu aliyekwisha kuamua.

"Mama hatarudi hapo," alisema. "Nitavunja, nijenge nyumba mbili. Tingatinga lingekuja mara moja kusafisha uwanja, ila ujenzi wote umesimamishwa. Wewe kaa mpaka mambo yafunguke. Na ule mti usijisumbue nao."

"Mama amekufa?" Chibalonza akauliza.

"Nini? Hapana!"

"Basi uwanja una mwenyewe."

Akakata simu. Kisha akakumbuka kwamba kijumba alichokuwa amesimama ndani yake kilikuwa kwenye uwanja huo huo.

Asubuhi moja ya mapumziko simu ikalia tena, namba asiyoijua.

"Halo, mama? Naitwa Jerotich, ni nesi hapa wodini. Wewe ndio Mkongo?"

"Wakongo ni wengi, binti yangu."

"Wa Smithfield. Huyu bibi, shosho wako, ametushinda. Hataki uji, hataki dawa. Anasema mpaka aongee na Mkongo wake juu ya mti. Ngoja nimpe spika."

Kabla hajajibu, sauti ya Mama Chensa ilijaza chumba. "Agosti! Umeupogoa?"

"Salvu amesema tuuache."

"Salvu alizaliwa hospitali, mti ulikuwa tayari uko hapo! Ukichelewa mti utalia machozi, maji yatamwagika kila ulipokatwa. Toka nje! Chukua mkasi wa Janni!"

Chibalonza hakuwahi kupogoa mzabibu. Migomba aliijua, hii kamba yenye mafundo hakuijua. Alivaa koti, akachukua mkasi bandani, akaiegemeza simu juu ya ndoo iliyopinduliwa, sauti imefunguliwa mpaka mwisho. Kule wodini Jerotich alimshikia bibi simu kwa mkono mmoja huku wa pili akimlisha uji, kijiko kimoja kwa kila tawi lililokatwa. Hiyo ndiyo biashara waliyokubaliana.

"Unaona jicho, pale chipukizi litakapotokea?"

"Naona macho mengi."

"Acha mawili! Mawili tu! Lingine kata!"

"Hili zuri, mama, lina nguvu..."

"Kata! Usiuonee huruma!"

Tawi la kwanza lilimuuma kama anakata kidole cha mtu. La kumi hakuliuliza. Fito zilirundikana miguuni, na kichanja kikabaki uchi, shina nene na vidole vifupi vifupi vikitazama juu. Mama Chensa akapiga kelele kwa Kimalta, Chibalonza akamjibu kwa Kiswahili, Jerotich akacheka, na helikopta ikapita.

Ndipo lango likagongwa. Polisi wawili, mwanamume na mwanamke, na nyuma yao askari kijana mwenye magwanda aliyeonekana kutamani kuwa kwao.

"Tumepigiwa simu kwamba kuna mkusanyiko hapa," polisi mwanamume alisema.

"Uko wapi?"

Akachungulia juu ya lango. Akaona mwanamke mmoja mwenye mkasi, na ndoo.

"Tumesikia watu wengi wakibishana."

"Mmoja yuko hospitali amevunjika. Mmoja anamlisha. Mimi niko kwenye uwanja wangu, peke yangu. Ingieni mhesabu, lakini mvae barakoa sawasawa. Yako iko kidevuni."

Polisi mwanamke akamtazama mwenzake, na mwenzake akaipandisha barakoa.

"Unafanya nini hasa, mama?" mwanamke yule akauliza.

"Kazi ya Agosti."

"Haiwezi kungoja?"

Chibalonza akaja mpaka langoni, mkasi ameushusha. Hakupaza sauti. "Dada yangu. Nimefungiwa kambini miaka mingi kuliko umri wa huyu kijana hapo nyuma. Najua kungoja. Watu waliniambia ngoja ndipo ulime, ngoja ndipo umsomeshe mtoto, ngoja ndipo uishi. Nilijifunza huko kwamba anayengoja afunguliwe ndipo aishi hufunguliwa akiwa amekufa. Ninyi fanyeni kazi yenu. Mimi ninafanya yangu."

Kutoka kwenye ndoo sauti ikanguruma: "Nani huyo? Mwambie asiukanyage!"

Askari kijana akacheka, akajikohoza. Polisi waliaga, wakaondoka. Chibalonza akafunga lango, akakaa juu ya rundo la fito. Alikuwa ameogopa sare tangu Walungu. Alikaa mpaka pumzi ikarudi, akasimama, akamaliza tawi la mwisho.

Fito hakuzichoma. Mama Chensa alimfundisha kukata vijiti vya urefu wa mkono wa mtu mzima, kuvifunga na kuvizika kwenye mchanga mbichi, kisha kuvipanda ndooni joto likianza. Ndoo akaziomba kwa Wilondja, jirani Mkongo wa Fizi aliyefanya kazi kwenye ghala la rangi. Uani kukawa na safu ya ndoo nyeupe zenye vijiti visivyo na dalili yoyote, na Bénie akimwona kwenye simu ya video alisema kwa Kiingereza kwamba mama yake amechanganyikiwa. Alielewa Kiswahili chote, ila kukijibu ndiko kulimshinda.

Kanisani nako maneno yalifika. Ibada zilikuwa za kwenye skrini, na baada ya maombi ya akina mama, Mama Léonie, kiongozi wao, alibaki kumkanya.

"Mama Chibalonza, tunasikia unachunga miti ya pombe. Sisi tumeokoka. Watoto wanatuangalia."

"Mama Léonie, kule Kana Bwana aligeuza maji kuwa nini? Fanta?"

Mtu mmoja akacheka, akazima kamera.

"Wewe una kichwa kigumu," Mama Léonie alisema.

"Ndicho kilichonifikisha hapa. Kingekuwa laini kingekwishapasuka njiani."

Oktoba njia zikafunguliwa, na Mama Chensa akarudi akitembea kwa gongo. Salvu alifuata siku ya pili akiwa na picha za nyumba nzuri ya wazee: bustani, madirisha makubwa, watu waliotabasamu. Alizitandaza mezani. Mama yake hakuzitazama.

"Mama, huwezi kukaa peke yako."

"Siko peke yangu."

Salvu akamgeukia Chibalonza. "Wewe unafanya kazi huko. Mwambie ni pazuri."

"Kuna pazuri," Chibalonza alisema. "Na mimi mwaka huu nimewashika mikono wazee waliokufa wakiangalia mlango, watoto wao wamezuiwa nje. Mtu ambaye bado anajua anapotaka kulala, mlaze hapo. Asubuhi nitamwogesha kabla ya kazi, jioni nitampikia. Wewe njoo Jumapili umletee mkate."

Salvu alizikusanya zile picha. Alikuwa na macho ya mama yake, nayo yalijaa maji, lakini alikuwa na aibu ya kulia mbele ya mpangaji. "Mpaka kiangazi kiishe," hatimaye akasema.

"Mpaka nife," Mama Chensa akasahihisha.

Februari zabibu zikaiva. Bibi aliketi kwenye kiti chini ya kichanja akielekeza kwa gongo. Akina mama wa kanisa walikuja na mabeseni, Mama Léonie naye, aliyesema amekuja kuangalia tu, na baada ya muda kitenge chake kilikuwa kimekunjwa magotini na miguu yake imekuwa myekundu ndani ya pipa. Chibalonza alipokanyaga alisikia ile teketeke ya ndizi mbivu chini ya nyayo, akaimba wimbo wa kukamulia wa Bushi ambao hakujua kama bado anao. Mama Chensa, asiyesikia vizuri, alipiga gongo chini kwa mapigo yake mwenyewe.

Mvinyo ulitoka mwepesi, rangi ya waridi lililofifia. Salvu alipewa bilauri ya kwanza. Akaonja, akakaa nayo mkononi.

"Ni ule ule wa baba," alisema.

Mama Chensa alifariki mwezi Mei, kitandani kwake, mchana, majani ya mzabibu yakiwa yameanza kupukutika. Chibalonza alimwosha mwenyewe.

Baada ya maziko Salvu hakuchelewa. Nyumba ilikuwa yake sasa, na alikuwa amekwisha kuahidiana na mjenzi. Alimpa Chibalonza muda wa kuhama, tena kwa upole. Siku tingatinga lilipokuja, Chibalonza alikuwa bado hajaondoka. Alitoka, akasimama mbele ya kichanja, mikono kifuani.

Dereva akazima mtambo. "Mama, tafadhali."

"Mwenye mti yuko wapi?"

Salvu alikuwa ndani ya gari lake barabarani, vioo vimefungwa. Dereva akaenda kumwita. Alikuja akitazama chini.

"Chibalonza, tulishazungumza."

"Tulizungumza. Nyumba yako, uwanja wako, sikatai. Sitakuzuia. Lakini baba yako aliuvusha bahari ndani ya koti, mama yako akaulinda mpaka pumzi ya mwisho. Hutaung'oa ukiwa umejificha kwenye gari. Simama hapa na mimi. Tazama."

Walisimama pamoja. Jino la chuma lilizama, udongo ukanyanyuka, na mizizi ikatoka mirefu kuliko walivyodhani, ikikatika kwa sauti ya kitambaa kinachoraruliwa. Salvu alitaka kugeuka. Chibalonza akamshika kiwiko, hakumwachia mpaka shina lilipolala ubavu.

Wilondja alihamisha vitu vyake kwa gari la rafiki, ila ndoo za vijiti vilivyosalia hai alizikataa kwa sababu ya matope. Chibalonza akazipeleka Campbelltown kwa treni, safari baada ya safari, ndoo mbili kila mara, amevaa barakoa na kukaa wima kana kwamba amebeba watoto. Mtu mmoja alimwambia treni si shamba. Alimtazama mpaka mtu yule akahamia behewa jingine. Katika kiuwanja cha nyuma cha nyumba ya serikali aliyopewa, karibu na kwa Bénie, alichimba udongo mgumu wenye kokoto, akapanda miche sita. Mitatu ilikufa. Mitatu ikashika.

Kiangazi kilichofuata Salvu alifika Campbelltown bila taarifa. Nyumba zake mbili zilikuwa zimekwisha kujengwa. Alikuwa amekonda kidogo. Alikaribishwa, akapewa chai, wakaongea habari za watoto wake. Kisha akatoka nje mwenyewe, akasimama mbele ya mizabibu ile midogo iliyofungwa kwenye vijiti. Haikuwa na kichala hata kimoja bado, majani tu, mapana na ya kijani.

"Nimeacha nafasi pale mbele," alisema bila kugeuka. "Kati ya nyumba zote mbili. Nilimwambia mjenzi asiimwagie saruji. Nilifikiri... unaweza kunipa mmoja?"

"Hapana," Chibalonza akasema.

Salvu akatikisa kichwa polepole, kama mtu aliyelitarajia jibu hilo.

"Hii haihami. Imeshika hapa, itakaa hapa. Na sasa hivi sikati hata tawi, majani yanafanya kazi." Akamwendea, akasimama kando yake. "Njoo Agosti. Uje na mkasi wa baba yako, ninajua uliuchukua. Nitakuonyesha macho ya kuacha na ya kukata. Utakata mwenyewe, utazika mchangani mwenyewe, vikifa utarudi mwaka mwingine."

"Sijui kabisa kupogoa."

"Mimi nilijua?" Chibalonza akamsukuma bega. "Agosti. Na usichelewe, utalia machozi."